LIFTI NA NENO "IMANI"

Katika kikao kimoja cha chama chetu mwalimu mlezi alituuliza swali lililoonekana jepesi: "Imani ni nini?" Wengi tulijibu mara moja kwamba ni kusadiki, hasa mambo ya dini. Mwalimu akasema, "Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili katafuteni." Wenzangu walikimbilia kamusi. Mimi nusu hiyo niliipata barabarani.

Siku ya kufunga shule, basi tulilopanda liliharibika Makindu, yapata saa kumi jioni. Kondakta alituambia tutafute gari jingine, lakini nauli hakurudisha. Mfukoni nilikuwa na shilingi 50 tu, na kwetu ni Voi. Njaa nayo ilikuwa inaniuma kwelikweli. Hapo Makindu pana hekalu la Makalasinga lililojengwa mwaka wa 1926. Msafiri yeyote hulishwa humo bila malipo, wala haulizwi dini wala kabila. Nikaingia, nikapewa chapati na dengu.

Aliyeketi karibu nami alikuwa mzee mmoja, dereva wa lori la kwenda Mombasa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uko peke yako?"

Nikamweleza yaliyonipata, kisha nikamwomba lifti. Akanyamaza kitambo.

"Wewe waniogopa?" akauliza.

Nikasema kweli: "Ndiyo, mzee."

Akacheka. "Hata mimi nakuogopa. Kuna madereva walioibiwa na vijana waombao lifti kama wewe. Na mwenye lori akijua nimebeba mtu, kazi sina."

Basi tukafanya hivi. Yeye alikitazama kitambulisho changu cha shule. Mimi nikaandika nambari ya lori kwenye karatasi, nikampa askari wa langoni. Nilidhani mzee atakasirika, kumbe alifurahi! Akanipa simu yake nizungumze na baba, kisha naye akamtajia baba jina lake na safari yake. Ndipo akasema, "Haya, panda."

Sasa turudi darasani. Neno imani lina maana mbili. Ya kwanza ni kusadiki au kutumaini: "Nina imani na rafiki yangu." Ya pili ni huruma: "Mama yule ana imani," yaani ni mwenye moyo mwema, au "Nionee imani," yaani nihurumie. Jioni ile nilihitaji maana zote mbili. Mimi nilipaswa kuwa na imani na mzee, naye anionee imani. Lakini naye pia alilazimika kuniamini, maana lori na kazi yake vilikuwa hatarini. Lifti haina mwamini mmoja.

Tutofautishe pia wasafiri wa aina tatu. Abiria hulipa nauli, kwa hiyo ana haki ya kudai (ingawa mimi nilidai nikashindwa!). Anayedandia hupanda bila ruhusa. Aliyepewa lifti hakulipa wala hakudandia. Yeye ni mgeni, na mwenyeji wake ni dereva.

Wenzangu, sisemi kila gari lipitalo mlipungie mkono. Wapo walioamini wakaumizwa, na hatari ni kubwa zaidi usiku na kwa aliye peke yake. Tahadhari kabla ya hatari. Nililojifunza ni kwamba tahadhari haiui imani. Mwenye nia njema hachukii ukiandika nambari ya gari lake. Akichukia, usipande.

Tulifika Voi karibu saa nne usiku. Nikamwambia mzee anishushe tu barabarani, nyumbani si mbali. Akakataa katakata. Akazima injini, tukangoja hadi baba alipokuja na tochi. Nikatoa zile shilingi 50, hata hakuzitazama. Alimsalimu baba, akamwambia, "Nimekuletea amana yako." Kisha akawasha lori, akaenda zake.

Amana ni kitu unachopewa ukitunze mpaka kimrudie mwenyewe. Amana, imani, amini, amani na uaminifu ni ndugu wa mzizi mmoja uliotoka Kiarabu. Nilikuwa nikiyakariri kwa ajili ya mtihani tu. Usiku ule niliposikia nikiitwa amana, sikuhitaji kukariri tena.

ZOEZI

1. Tunga sentensi mbili zenye neno imani, kila moja kwa maana yake.

2. Eleza tofauti kati ya abiria, mdandiaji na aliyepewa lifti.

3. Amana na dhamana yanafanana kwa sauti, lakini mizizi yake ni tofauti. Eleza maana ya kila moja.

Majibu mpelekee mwalimu mlezi. Nawe ukiwa na kisa cha njiani, kilete tukisome kikaoni.