Mama, Usimfiche Muuguzi

Mama mpendwa, ukifika hospitali na ugonjwa wa kike, tutakuuliza mengi: siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, mimba zote pamoja na zilizoharibika, kutokwa uchafu ukeni, dawa ulizotumia, hata za kienyeji. Si umbeya. Mama aliyechelewa hedhi, naye anaumwa upande mmoja chini ya kitovu, huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Mrija ukipasuka, damu humwagikia tumboni na anaweza kufa upesi. Aliyekoma hedhi mwaka mzima kisha akaona damu, hata tone, aje tuchunguze kama si saratani. Ukiona haya mbele ya mume au mkwe, omba tubaki wawili. Siri yako hatuitoi nje.