Kilebu Anayeamka Saa Kumi: Afanyiweje?

Na Katibu wa Chama, Kidato cha Tatu

Msomaji mpenzi, ukiulizwa mtoto wa mbwa huitwaje utajibu mbiombio, "Kilebu!" kwa sababu jibu hilo tulilikariri tangu shule ya msingi pamoja na ndama, shibli na kifaranga. Lakini ukiulizwa kilebu hula mara ngapi kwa siku, ama huweza kujizuia mkojo kwa saa ngapi, hapo utaanza kuangalia dari. Neno tunalo, mnyama mwenyewe hatumjui. Mwaka huu nimeona heri niandike juu ya mnyama mwenyewe, na hasa juu ya jambo moja linalowasumbua wengi wanaofuga mbwa: kilebu anayeamka saa kumi za alfajiri na kuuamsha mtaa mzima.

Najua wapo watakaocheka. Ati usingizi wa mbwa! Ngoja kwanza. Kilebu anayelia usiku huchapwa kwa ufagio, hufungiwa nje kwenye baridi, hutiwa katika gunia na kwenda kutupwa sokoni, ama hutegewa sumu ya panya ndani ya kipande cha nyama. Wale tunaowaona wakipekua majaa ya takataka, si ajabu baadhi yao walikuwa na kwao, wakafukuzwa kwa kosa hilohilo.

Nitatumia mfano ninaoufahamu vizuri. Shangazi yangu amepanga nyumba katika ploti moja mjini Thika. Alipewa kilebu wa miezi mitatu akamwita Simba, jina kubwa kuliko mwili. Kila siku, ikigonga saa kumi za alfajiri, Simba alianza: kwanza kunung'unika, kisha kukwaruza mlango, kisha kubweka. Jirani wa mlango wa pili alikuwa na mtoto mchanga. Wa mlango wa tatu alikuwa na kijana anayejitayarisha kwa KCSE. Tarehe mbili ya mwezi mwenye ploti alikuja akasema kwa upole kabisa, "Mama, kufika mwisho wa mwezi nisikie kimya, ama nione chumba kitupu." Basi shangazi alikuwa na majuma manne tu.

Tuanze na kibofu. Kilebu wa miezi mitatu ana kibofu kidogo, na misuli ya kukizuia bado haijakomaa. Wafugaji hutumia kadirio hili rahisi: hesabu miezi ya umri wake, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kujizuia. Wa miezi mitatu, basi, ni saa nne. Usiku akiwa amelala huweza kupita hapo, kwa kuwa hanywi maji wala hakimbiikimbii. Sasa hebu piga hesabu ya Simba. Shangazi alikuwa akimtoa mara ya mwisho saa tatu za usiku. Kutoka hapo hadi saa kumi ni saa saba kamili. Saa saba, jamani! Mtoto huyo alistahili pongezi, si ufagio. Kabla ya kusema kwamba mbwa ana tabia mbaya, uliza kwanza kama hana haja.

Kwa hivyo hatua ya kwanza ni kumtoa mara ya mwisho wakati wewe mwenyewe unakwenda kulala, tuseme saa nne na nusu, na kumngojea mpaka akojoe kweli. Wengi humsukuma nje wakafunga mlango. Kilebu hunusanusa, huogopa giza, hurudi ndani na mkojo wake tumboni, halafu saa nane za usiku watu wanashangaa. Simama naye. Akimaliza, msifu kwa sauti ya chini na umrudishe.

La pili ni tumbo. Kilebu wa umri huo hula mara tatu au nne kwa siku, na dakika chache baada ya kula huhitaji kwenda haja kubwa. Akila ugali saa nne za usiku usitegemee atalala. Chakula cha mwisho kiwe saa kumi na mbili za jioni ama saa moja. Maji mpe mchana kutwa bila kumpimia, ila yaondoe kama saa moja hivi kabla ya kulala. Kama unaishi pahali penye joto kali, kama Garissa au Mombasa, usiyaondoe kabisa. Supu ya chumvi iliyobaki mezani humtia kiu, na kiu huleta mkojo. Na kama supu hiyo ina vitunguu, usimpe hata kidogo, kwani vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Halafu kuna maziwa. Shangazi alikuwa akimpa Simba maziwa ya ng'ombe kila usiku "ili alale vizuri kama mtoto." Kumbe mbwa wengi, wakishaachishwa ziwa la mama, hupungukiwa na uwezo wa kusaga sukari iliyomo katika maziwa. Sukari hiyo huvuta maji utumboni, tumbo likanguruma, kinyesi kikalainika. Maziwa yalipokatwa, mambo yalianza kubadilika katika siku chache. Mwalimu wa bayolojia akikuuliza mfano wa kazi ya vimeng'enya, mtajie Simba.

Sababu ya tatu ni kwamba mbwa kwa maumbile huchangamka alfajiri na magharibi. Huko Ulaya watu hulalamika kwamba majira ya joto mwanga huingia mapema mno na kuwaamsha mbwa wao. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna shida hiyo sana: mjini Nairobi jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na robo tatu hivi, mwaka nenda mwaka rudi. Adui yetu sisi ni sauti. Jogoo wa jirani, mikebe ya maziwa, matatu ya kwanza inayopiga honi stejini. Kuyanyamazisha hayo huwezi, lakini waweza kumsogeza kilebu mbali na mlango wa nje, umlaze upande wa ndani kwenye katoni yenye gunia au blanketi kuukuu. Katoni iwe ya kumtosha kugeuka na kujinyoosha tu, maana mbwa hapendi kuchafua pahali anapolala. Ikiwa pana sana atafanya kona moja chumba cha kulala na nyingine choo. Tena kumbuka kwamba mtoto huyu majuzi tu alikuwa akilala katikati ya ndugu zake, wamebanana kama viazi. Majuma ya kwanza alale karibu na watu. Huko Kinangop mwezi wa Julai, kumlaza peke yake nje si malezi, ni ukatili.

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo, nacho ni kujifunza. Mwaka wa 1904 Mrusi aitwaye Ivan Pavlov alipewa Tuzo ya Nobel kwa utafiti wake juu ya usagaji wa chakula mwilini. Anakumbukwa zaidi kwa kuonyesha kwamba mbwa hutoa mate kwa ishara tu inayotangulia chakula. Mwaka huohuo wa 1904, huko Marekani, alizaliwa B. F. Skinner, aliyekuja kueleza kwamba mnyama hurudia kitendo kinachomletea faida. Weka vichwa hivyo viwili pamoja na utamwelewa Simba. Shangazi huuza mboga sokoni, kwa hiyo siku nyingine huamka mapema. Alipoamka, jambo la kwanza lilikuwa kumtupia Simba kipande cha ugali ili anyamaze. Mlio wa sufuria ukawa kengele ya Pavlov. Kubweka kukawa kazi, na ugali mshahara wake.

Utasema, basi mpuuze tu. Ni kweli, lakini kupuuza kuna mtego. Mnyama aliyezoea kulipwa, malipo yakikatika, kwanza huzidisha juhudi. Atabweka zaidi kuliko jana. Ukivumilia siku tatu, ya nne ukashindwa ukamfungulia, umemfundisha kwamba siri ni kubweka kwa siku nne. Ni kama sisi na mwalimu wa zamu: akikataa ombi la ruhusa mara nne akakubali la tano, nani atakayeacha kumwendea? Na katika ploti yenye mtoto mchanga, nani atakayekuvumilia usiku hizo zote ukingoja mbwa achoke?

Ndiyo maana ninaona njia hii nyingine ni bora, nayo ndiyo aliyofundishwa shangazi na daktari wa mifugo. Badala ya kumngoja kilebu akuamshe, wewe umwamshe yeye. Simba hulia saa kumi? Shangazi akatega kengele ya simu saa kumi kasorobo. Akaamka kabla ya kelele, akamtoa nje bila taa, bila salamu, bila mchezo. Simba akakojoa, akarudishwa kwenye katoni, wote wakalala tena. Unaona ujanja wake? Mlango ulifunguka, lakini haukufunguliwa na kubweka. Haja imetimizwa, na kelele haikulipwa hata senti.

Baada ya siku nne kengele ikasogezwa robo saa mbele, ikawa saa kumi kamili. Siku nne nyingine, saa kumi na robo. Hivyo hivyo. Kutoka saa kumi kasorobo mpaka saa kumi na moja na nusu ni dakika 105, yaani robo saa saba, na kila robo ni siku nne, jumla siku 28. Ukiona analia kabla ya kengele, ujue umekimbia mno. Rudi robo saa nyuma ukae hapo siku kadhaa. Na chakula cha asubuhi kisifuatane na kuamka. Shangazi sasa huinjika chai, hufagia, huoga, na baada ya nusu saa ndipo bakuli la Simba huwekwa chini, na huwekwa akiwa amekaa kimya tu.

Mchana nao una kazi yake. Vilebu hulala sana, hata saa 18 au 20 kwa siku, kwa hiyo usimnyime usingizi wa mchana ukidhani utamchosha alale usiku. Kilebu aliyechoka kupita kiasi huwa kama mtoto wa watu aliyekosa kulala: husumbua zaidi. Mchezeshe jioni, mkimbize kidogo uwanjani, kisha saa nzima ya mwisho kabla ya kulala iwe ya utulivu.

Matokeo? Kufikia juma la pili jirani mwenye mtoto mchanga alimwuliza shangazi kama mbwa ameuzwa. Usiku mmoja wa mvua Simba alirudia kelele zake saa tisa, na shangazi akalazimika kurudi robo saa nyuma, kwa hivyo mwezi ulipokwisha walikuwa wamefika saa kumi na moja na robo tu. Hata hivyo mwenye ploti alipokea kodi yake akaenda zake bila kutaja chumba kitupu. Kusema kweli umri pia ulisaidia, maana Simba alikuwa amefika miezi minne, na wengi wa miezi minne mitano huanza kuweza usiku mzima.

Nilipoyaeleza haya kwenye mkutano wa chama, mwenzetu mmoja alisimama akapinga vikali. Mbwa wa kwao ni wa ulinzi, bwana; akifundishwa kulala, si wezi watabeba ng'ombe? Hoja yake ina uzito, maana wengi wetu hatufugi mbwa kwa ajili ya kumbusu. Lakini amechanganya mambo mawili. Kulala hakumzuii mbwa kusikia; masikio yake hubaki kazini, na mgeni akigusa ua ataruka. Tunachokifuta hapa ni kelele ya kuomba ugali, si ile ya kumfukuza mwizi. Nikamwuliza: mbwa abwekaye kila siku saa kumi bila sababu, siku mwizi atakapokuja kweli saa hiyohiyo, nani atakayetoka kitandani? Hakunijibu, ila hakukaa chini pia.

Kuna hali moja ambayo kengele haitaifaa kitu, nayo ni ugonjwa. Kilebu aliyekuwa akilala vizuri akaanza ghafla kuamka mara tatu usiku, anayekojoa matone matone kwa shida, anayehara, ama mwenye tumbo lililovimba na mbavu zinazohesabika, huyo anahitaji daktari wa mifugo. Minyoo huwaingia vilebu kutoka kwa mama yao, tumboni na katika maziwa, ndiyo maana dawa ya minyoo huanza kutolewa wangali na majuma mawili tu, na kurudiwa kila baada ya majuma mawili. Viroboto nao hawamwachi mtu alale. Ukimpeleka, na kama ametimiza miezi mitatu, mwombe daktari amchanje kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, na uitunze kadi yake pamoja na karatasi nyingine za nyumbani, kwa kuwa chanjo hiyo hurudiwa.