SOMO LA FAMILIA: YAKOBO ALIKUA KIROHO AKIWA UGENINI

Masomo: Mwanzo 28:10-22, 32:1-32, 33:1-11



Tumezoea kumwita Yakobo baba wa makabila kumi na mawili. Lakini alipotoka Beer-sheba alikuwa mtu anayekimbia kuuawa, na mkononi alikuwa na fimbo tu. Alikwenda Harani, mji ambao leo uko Uturuki, safari ya zaidi ya kilomita 700. Huko alikaa miaka 20. Tumfuate tuone jinsi Mungu alivyomkuza.

1. Betheli: maombi ya masharti
Usiku ule wa ndoto ya ngazi, Mungu alimwahidi Yakobo ulinzi bila kumdai kitu. Naye akajibu kwa masharti: akipewa chakula na nguo, akarudishwa salama kwa baba yake, ndipo Bwana atakuwa Mungu wake. Imani ilikuwepo, lakini ilikuwa changa. Hata hivyo Mungu hakumkataa. Mtu mwenye njaa akiomba chakula hatendi dhambi.

2. Kwa Labani: mdanganyifu adanganywa
Yakobo alikuwa amemdanganya baba yake kipofu. Ugenini akapewa Lea gizani badala ya Raheli. Alitumika miaka 14 kwa ajili ya wale binti wawili na miaka 6 kwa ajili ya mifugo, na mwenyewe alilalamika kwamba mshahara wake ulibadilishwa mara kumi. Alionja uchungu aliowaonjesha wengine. Miaka hiyo haikupotea bure, kwa maana ndiyo iliyokuwa shule yake.

3. Njiani kurudi: maombi ya shukrani
Aliposikia kwamba Esau anakuja na watu 400, aliomba tena (32:9-12). Safari hii hakuna "ukinipa, nitakupa". Anakiri kwamba hakustahili wema wote aliotendewa. Anasema wazi kwamba anaogopa, kwa ajili yake na kwa ajili ya kina mama na watoto. Kisha anashikilia ahadi ya Mungu. Mtu aliyekomaa kiroho naye huogopa, ila hofu yake huipeleka kwa Mungu.

4. Yaboki: anataja jina lake
Isaka alipomwuliza yeye ni nani, Yakobo alijibu kwamba ni Esau, akapata baraka kwa uongo. Kando ya mto Yaboki, aliyeshindana naye usiku kucha alimwuliza jina lake. Sasa alisema kweli: Yakobo. Kwa Kiebrania jina hilo linakaribiana na neno la kisigino, na Esau alikuwa amelilalamikia kuwa ndilo jina la mtu wa hila. Nabii Hosea (12:4) anaongeza kwamba Yakobo alilia machozi usiku ule. Ndipo akabarikiwa, akaitwa Israeli.

Lakini aliondoka akichechemea. Hata leo Wayahudi wanaoshika Torati hawali mshipa wa paja la mnyama, kwa kukumbuka usiku ule. Baraka na jeraha vilikaa katika mwili mmoja. Kwa hiyo tusimwambie mwenzetu anayebeba majeraha ya vita kwamba imani yake ni ndogo.

5. Tunda lake: anarudisha
Yakobo alimsihi Esau apokee zawadi yake. Katika Kiebrania zawadi hiyo inaitwa "berakha", yaani baraka, neno lile lile la kile alichomnyang'anya ndugu yake (27:35, 33:11). Toba yake haikuishia kwenye maombi, ilifika hadi kwenye mbuzi na ngamia.

Tuangalie hapa
Yakobo alikimbia kwa kosa lake mwenyewe. Wengi wetu tulikimbia makosa ya watu wengine. Mtu asilitumie somo hili kusema kwamba ukimbizi ni adhabu. Tunachojifunza ni kwamba Mungu hasubiri turudi nyumbani ndipo atukuze.

Tena Yakobo hakukamilika siku moja. Alimpendelea Yusufu, na nyumba yake ikaumia. Yeye aliyemdanganya baba yake kwa ngozi za mbuzi na nguo za Esau, alidanganywa na wanawe kwa kanzu iliyochovywa katika damu ya mbuzi. Wazazi, tusikilize.

Maswali ya kujadili nyumbani
1. Maombi yetu yanafanana zaidi na ya Betheli au na ya njiani kurudi?
2. Je, kuna kitu au heshima ya mtu tuliyoichukua kwa hila, ambayo tunapaswa kuirudisha?
3. Je, watoto wetu wanaona tunawapenda kwa usawa, pamoja na yatima tunaowalea?

Tuombe: Ee Mungu wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo, utupe chakula cha leo, na utupe moyo wa kusema kweli mbele zako. Hata tukichechemea, utuongoze. Amina.