Jihadhari na makundi ya mbwa, na ukiumwa osha jeraha mara moja

Katika mji wa Garissa familia nyingi hazifugi mbwa. Hata hivyo mbwa wapo. Wale wasio na mwenyewe hula kwenye majalala na karibu na machinjio, na mchana wa joto hulala kivulini. Ifikapo alfajiri, watu wanapokwenda kuswali na watoto wanapoelekea duksi, huenda ukawakuta wakitembea kwa makundi. Mtoto ambaye hajazoea mbwa hutoka mbio.

Hilo ndilo kosa kubwa. Mbwa hufukuza kinachokimbia, na hakuna mtoto awezaye kumshinda kwa mbio. Mfundishe mwanao asimame wima kama mti, mikono ubavuni, asimkodolee mbwa macho wala asipige mayowe. Mbwa akitulia, arudi nyuma polepole bila kumpa mgongo. Mkoba, ndoo au baiskeli iwekwe mbele kama ngao. Akiangushwa, ajikunje kifudifudi na kufunika shingo na masikio kwa mikono. Wengi wetu huinama na kujifanya tunaokota jiwe. Kwa mbwa mmoja mwoga hila hiyo huweza kufaa, lakini kulirushia mawe kundi zima ni kulichokoza. Mbwa anayekula au mwenye watoto asikaribiwe kabisa.

Linalotisha zaidi ya jeraha ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa karibu na Nairobi. Shirika la Afya Duniani (WHO) limekadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Viini vyake humo katika mate. Vikishaingia jerahani hufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, safari ambayo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu. Dalili zikianza, kama vile mgonjwa kuogopa maji, karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo, chanjo humwokoa.

Kwa hivyo ukiumwa, au hata ukikwaruzwa tu, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kama hakuna mfereji, mtu akumiminie kwa birika la kutawadhia, polepole, na mtungi wa maji uwe karibu. Usipake mafuta, majivu wala pilipili. Waislamu wengi wa huku hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo hutaka kilichoguswa na mate ya mbwa kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Lakini udongo usitiwe ndani ya jeraha, kwani huweza kuleta pepopunda. Sabuni itangulie, na suala la tohara sheikh ataulizwa baadaye.

Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Anayetoka Dadaab yuko kilomita 100 hivi kutoka mji wa Garissa, basi aulize kwanza kama kituo kilicho karibu naye kina chanjo. Wapo wazee ambao bado wanazihofu zile sindano nyingi za tumboni za zamani. Hizo ziliachwa. Siku hizi chanjo hudungwa mkononi, au pajani kwa mtoto mdogo, na mama mjamzito pia hupewa. Kwa utaratibu wa sindano tano, hudungwa siku ya kwanza kisha siku ya 3, 7, 14 na 28 baada ya hiyo. Usikatize kwa sababu jeraha limepona. Jeraha likiwa la kina, daktari huongeza dawa nyingine ya kinga ndani yake.

Mbwa aliyeuma, kama anajulikana, aangaliwe kwa siku 10 bila mtu kungojea matokeo ndipo aende kuchanjwa. Kuwaua mbwa kwa sumu hakujawahi kuumaliza ugonjwa huu. Kuchanja asilimia 70 ya mbwa ndiko kunakouzuia kuenea.

Mfugaji naye ana hatari ambayo mtu wa mjini huisahau. Fisi, punda na ngamia pia hupata kichaa hiki. Ngamia anayetokwa na mate mengi na kushindwa kumeza huonekana kama amekwamwa na kitu kooni. Usitie mkono kinywani mwake wala usimchinje ili kuokoa nyama. Mwite daktari wa mifugo.