Ukisikia Mlipuko, Usiende Dirishani

Ijumaa asubuhi, tarehe 7 Agosti 1998, watu waliokuwa kazini katikati ya jiji la Nairobi walisikia milio ya risasi na kishindo cha guruneti kutoka upande wa ubalozi wa Marekani. Wengi waliacha kalamu mezani wakaenda dirishani kutazama. Muda mfupi baadaye bomu lililobebwa ndani ya lori likalipuka, na vioo vya majengo ya jirani vikawarukia usoni kama visu. Siku hiyo waliuawa watu 213 Nairobi, na 11 Dar es Salaam, ambako ubalozi mwingine ulishambuliwa karibu saa ileile. Katika maelfu waliojeruhiwa, wako waliopofuka kwa sababu walikuwa wamesimama mbele ya kioo.

Hatuwezi kuwalaumu. Tumelelewa hivyo: jirani akipiga yowe, unatoka. Kwa moto au kwa mwizi, hiyo ni tabia njema. Kwa bomu, inaua. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuwafundisha watoto na wafanyakazi wenzetu ni hili: ukisikia mlipuko au risasi, jitupe chini, jikokote mbali na kioo, kisha tafuta mlango ulio upande wa pili. Ukiwa barabarani, usijiunge na umati unaotazama. Kampala, tarehe 11 Julai 2010, watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia katika uwanja wa Kyadondo walipigwa na mlipuko wa pili mara tu baada ya ule wa kwanza.

Wenye bunduki wakiingia jengoni, kama walivyoingia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013 na kuua watu 67, kimbia ukiweza, na uache mizigo. Usipoweza, jifungie, sukuma meza au friji mlangoni, zima taa, kaa mbali na mlango. Zima sauti ya simu na mtetemo pia, maana simu ikitetemeka juu ya sakafu inasikika chumba cha pili. Na wewe uliye nyumbani, unayetetemeka kwa hofu ya mwanao, usimpigie. Najua ni vigumu. Mtumie ujumbe mfupi, usubiri ajibu atakapoweza. Kutoa taarifa, piga 999 au 112 ukiwa Kenya, 112 ukiwa Tanzania. Usiweke mtandaoni mahali watu walipojificha wala askari walipojipanga, maana wauaji nao wana simu. Askari wakifika, inua mikono mitupu na usiwakimbilie kuwakumbatia. Hawajui bado nani ni nani.

Hatari inayofuata ni damu. Mtu mwenye jeraha kubwa anaweza kufa kwa dakika chache, kabla ambulensi haijapita kwenye foleni. Chukua leso, shati, chochote safi kilicho karibu, uweke juu ya jeraha na ukandamize kwa viganja viwili, mikono imenyooka, uzito wako wote ukiwa juu yake. Ataugulia, endelea. Usifunuefunue kuangalia kama damu imekoma. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Ikiwa damu inaruka kutoka mkononi au mguuni na haizuiliki, funga kitambaa kipana kati ya jeraha na moyo, mahali pasipo kiungo. Pitisha kijiti kwenye fundo na ukisokote mpaka damu ikome, kisha andika saa uliyofunga, hata kwenye paji la uso wake. Usikilegeze, daktari ndiye atakayekilegeza. Kipande cha kioo kilichozama mwilini usikichomoe. Kikiwa jichoni, funika jicho kwa kikombe cha karatasi bila kuligandamiza.

Baada ya Westgate, Wakenya walipanga foleni ndefu kutoa damu, na walifanya vyema. Lakini damu inayookoa watu saa za kwanza ni ile iliyokwisha kupimwa na kuwekwa kwenye friji ya hospitali. Mwanamume mwenye afya anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Nenda mwezi huu, siku ambayo hakuna habari yoyote mbaya redioni.

Serikali nazo zina dirisha lao. Westgate, polisi na wanajeshi waliingia bila amri moja, wakafyatuliana risasi wao kwa wao, na mkasa ukachukua siku nne. Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, kilivamiwa alfajiri. Kikosi maalumu kutoka Nairobi kilifika mchana, na watu 148 wakafa. Mwaka 2019, katika hoteli ya DusitD2, Nairobi, vikosi vilifika mapema na mamia ya watu wakaokolewa, ingawa 21 waliuawa. Kilichobadilika kinajulikana: kamanda mmoja, kikosi kilicho karibu, msemaji mmoja wa kutoa habari za kweli kila baada ya muda.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuadhibu jamii nzima. Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Nairobi na kuzuiliwa, wengine katika uwanja wa Kasarani. Mama aliyelala sakafuni pale na wanawe hana sababu ya kumpigia polisi simu kesho akiona mgeni wa kutiliwa shaka mtaani. Mwaka uliofuata, mwezi Desemba, wapiganaji wa Al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi akiwakinga, akafariki Januari 2016. Serikali inayotafuta mshirika dhidi ya ugaidi imtafute ndani ya basi lile.

Ukijeruhiwa, au ukifiwa, andikisha tukio polisi. Ukiwa Kenya, omba fomu ya P3, ijazwe na daktari, utoe nakala. Weka stakabadhi za dawa na karatasi za kutoka hospitalini katika bahasha moja, na mtu mwingine nyumbani ajue ilipo. Utazihitaji kwa muda mrefu: waathirika wa 1998 wamedai fidia kwa zaidi ya miaka ishirini.