Hukumu ya Nembo na Kikombe cha Kahawa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa watu wa zama hizi wamejipatia alama mbili za kujipambanua na wenzao: michoro ya mwilini iitwayo tatuu, na kahawa ya mashine yenye povu la maziwa, inywewayo mahali pa kuonekana. Vijana wa Magomeni ya Mtwara hudhani mambo haya ni mageni. Lakini nembo ilikuwapo kabla ya tatuu, na kahawa chungu ya buli ilikuwa ikinywewa barazani kabla ya hiyo mashine kujulikana. Basi yapasa kuijua hukumu kabla ya kuiga, na kabla ya kucheka pia.

Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma walikuwa wakichanja uso, kifua, tumbo na mgongo kwa kijisu kidogo, kisha wakisugua ndani ya chale masizi ya mbarika, hata alama ikabaki ya samawati iliyokoza. Kazi ilirudiwa mara kadhaa ili rangi ishike. Karl Weule, Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika habari za alama hizo. Mwenye kustahimili maumivu yale alihesabiwa kuwa amekua, na watu wakajuana kwa nembo zao. Desturi hiyo imekoma. Walio na nembo hivi leo ni wazee, na idadi yao yapungua kila mwaka.

Wanachuoni hukiita kitendo hiki washmi, nacho ni haramu. Hadithi ya Ibnu Masud, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, iliyo katika Sahihi ya Bukhari na Sahihi ya Muslim, imewataja kwa laana wenye kuchanja na wenye kutaka kuchanjwa. Imetajwa kwa wanawake, na hukumu yake yawaenea wanaume pia. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza kuwa mahali palipochanjwa huwa na najisi, kwa ajili ya damu iliyofungika humo.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Husikia neno "najisi" wakakimbia nalo, wakasema: mzee mwenye nembo hana swala, wala haifai kumfuata akiwa imamu. Kwa maneno hayo mzee aliyeacha ya zamani yake akaingia msikitini huona haya kusimama safu ya mbele, na pengine huacha kuja kabisa. Dhambi ya kumfukuza mtu msikitini kwa ujinga si ndogo. Nayo kauli hiyo si ya madhehebu ya Shafii. Khatib Shirbini na wengineo wamefafanua kwamba kulazimika kuiondoa alama ni kwa yule aliyeifanya kwa hiari yake baada ya kubaleghe. Aliyechanjwa angali mtoto, au kwa kulazimishwa, hana wajibu wa kuiondoa. Amesamehewa, swala yake ni sahihi, na uimamu wake ni sahihi. Ni nani katika wazee hao aliyeulizwa shauri siku aliposhikwa akachanjwa?

Akiuliza mtu: na aliyejichora mwenyewe naye ni mtu mzima? Huambiwa: yamlazimu kutubu, na kuiondoa alama ikiwezekana kwa dawa au kwa tabibu. Siku hizi matabibu huiondoa kwa miale ya leza. Ikiwa hapana njia ila kwa kuhofia nafsi yake, au kiungo, au manufaa ya kiungo, au aibu kubwa katika kiungo cha nje, hapo wajibu umemwondokea, na toba yatosha. Kijana auzaye korosho zake msimu huu, akapeleka fedha mjini kununua mchoro begani, ajue kwamba udhuru wa babu yake yeye hanao. Babu alichanjwa, mjukuu amelipa.

Ama hina haimo katika hukumu hii, maana hukaa juu ya ngozi kisha hufutika. Nayo ni pambo la wanawake.

Sasa tuje kwenye kahawa. Masufii wa Yemeni waliinywa wapate kukesha katika dhikri. Mwaka 1511, Khair Bey, msimamizi wa soko la Makka, aliwakusanya wanachuoni akaipiga marufuku, naye alichukizwa zaidi na mikusanyiko ya wanywaji. Marufuku ile haikudumu, na kahawa ikabaki halali mpaka leo. Hata kule Kagera, Wahaya humkaribisha mgeni kwa buni za kutafuna, ikawa ni heshima kwake. Wala hapana ubaya katika povu la maziwa. Maziwa ni halali na kahawa ni halali.

Ubaya huingia moyoni mwa mnywaji. Ibnu Masud huyo huyo amepokea, na Muslim ameitoa, kwamba mtu mmoja alisema habari ya kupenda nguo nzuri na viatu vizuri, Mtume akabainisha kuwa Mwenyezi Mungu apenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi mwenye kunywa kahawa ya bei kubwa kwa kuipenda, naye anao uwezo, hana lawama. Mwenye kuinywa ili amcheke aliyeketi barazani na kikombe kidogo na kipande cha kashata, huyo kiburi kimekwisha kumpata. Na anayekopa ili aonekane, hali nyumbani hawajapata chakula, ameingia katika israfu pamoja na kuwadhulumu watu wake.

Na ujira je? Mkataba wa kumlipa mchoraji wa tatuu ni batili, kwa kuwa kazi yenyewe ni haramu, na fedha aliyoipokea humpasa kuirudisha. Muuza kahawa apitaye mitaani na buli lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe, chumo lake ni halali.