Mzee akifia makaoni, serikali inawajibika?

Mimi ni mtu wa uhandisi, sheria siyo fani yangu. Lakini kama wengi wetu hapa Uingereza, wikiendi nabeba boksi, na boksi langu ni makao ya kulelea wazee. Mwaka jana babu mmoja niliyezoea kumlisha alianguka usiku, akafariki. Kesho yake swali lilikuwa moja tu: "Nani alikuwa zamu?" Nikaingia maktaba kutafuta kama lawama huwa inafika juu zaidi ya sisi wa zamu.

Tuanze na kesi moja. Machi 2020, korona ilipoingia, serikali ilitaka vitanda vya hospitali viwe wazi. Kati ya 17 Machi na 15 Aprili, wagonjwa wapatao 25,000 walitolewa hospitali za England wakapelekwa kwenye makao, bila sharti la kupimwa wote kwanza. Wimbi lile la kwanza liliua wakazi wa makao zaidi ya 20,000 England na Wales.

Wanawake wawili waliofiwa na baba zao, Cathy Gardner na Fay Harris, wakaishtaki serikali. Tarehe 27 Aprili 2022 Mahakama Kuu ilisema maagizo yale yalikuwa kinyume cha sheria: wakubwa hawakuzingatia kwamba mtu asiye na dalili anaweza kuambukiza wazee, wala hawakushauri atengwe hadi siku 14 inapowezekana. Lakini dai lao la haki ya kuishi lilitupwa.

Hapo ndipo wengi tunachanganya. Kusema uamuzi ni haramu ni jambo moja. Kuthibitisha kwamba uamuzi huo ndio uliomuua mzee huyu ni jingine, na fidia inataka hilo la pili. Daraja likianguka, huwezi kumbana mchoraji kwa sababu tu mchoro ni mbovu. Lazima uonyeshe kwamba ufa ulianzia pale.

Halafu kuna suala la mwenye nyumba. Makao mengi ni ya watu binafsi. Mwaka 2007 majaji wa House of Lords waliamua, 3 kwa 2, kwamba mmiliki binafsi hafungwi na Sheria ya Haki za Binadamu hata kama halmashauri ndiyo inamlipia mzee. Bunge likaziba pengo hilo mwaka 2008, na leo limo katika Sheria ya Matunzo ya 2014. Ila mzee aliyejitafutia na kujilipia mwenyewe bado yuko nje. Muda nao ni mfupi: kwa kawaida mwaka 1 kwa madai ya haki za binadamu, miaka 3 kwa uzembe.

Sasa nirudi kwa babu yangu. Kengele ya kitanda chake ilikuwa mbovu wiki mbili. Wote tulijua, tukasema kwa mdomo, hakuna aliyeandika, mimi nikiwemo. Familia yake itaonyesha ufa kwa kitu gani?

Jamani, tukiwa zamu tuandike: tarehe, saa, kilichoharibika, uliyemwambia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Roho ya mtu je?